Vichanga Wasio na Gamba

Shangazi Prayong alianza kufoka kabla Inspekta Ramphai hajateremka kwenye pikipiki.

"Umekuja peke yako, afande? Yule muuaji yuko wapi? Au mmemwachia akalale kwake?"

"Sanit yuko mahabusu, shangazi. Amelala vizuri kuliko mimi." Inspekta akakutanisha viganja kumsalimia, akainama. "Nimekuja kuangalia maji."

"Maji yana nini cha kuangaliwa? Angalia mtu!"

Prayong alikuwa amepita miaka sitini, mfupi, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini za boti. Kazi yake ilikuwa kuzalisha chaza. Karibu wafugaji wote wa upande ule wa ghuba ya Ban Don walipanda baharini mbegu, yaani chaza wachanga, iliyotoka kwenye banda lake, na mwaka huu mbegu haikupatikana. Makundi matatu makubwa ya vichanga yalikuwa yamekufa, moja baada ya jingine, na nguzo za wafugaji zilisimama tupu majini.

Wafugaji hawakuwasumbua polisi kumtafuta mwenye hatia. Juu ya mfereji uliopita karibu na banda na kumwaga baharini, Sanit alikuwa na karakana ya kupaka vyuma kromu na shaba. Juzi walimvunjia matangi. Jana polisi walimchukua, nusu kwa kumtuhumu na nusu kwa kumwokoa. Kesho mchana Ramphai alitakiwa ama ampeleke mahakamani ama amwachie, na kila mtu alijua kwamba Sanit akipanda gari la mahakama, awe na hatia au asiwe nayo, karakana haitafunguliwa tena. Mkewe alikuwa ameshaanza kufunga vyombo.

"Kula kwanza," akasema Prayong, kwa hasira ileile.

Mumewe, Mjomba Thuam, ndiye aliyeleta sahani: chaza wabichi, vitunguu vya kukaanga, pilipili na majani machungu. Alikuwa mzee mwembamba asiye na maneno, mwenye goti bovu, anayetembea kama anayeomba radhi kwa sakafu. Kwenye ukucha wa dole gumba lake kulikuwa na chembe inayong'aa. Ramphai aliiona, akaendelea kula. Penye magamba ya samaki, kucha zinazong'aa si habari.

"Watamu," alisema.

"Hao ni wakubwa," Prayong akajibu. "Wakubwa hawafi. Wanaokufa ni watoto."

Chumba cha hadubini kilikuwa nyuma ya banda. Orathai, binti mwenye miwani aliyesomea viumbe wa baharini na kuajiriwa na Prayong, alikuwa ameshaweka tone la maji chini ya kioo.

"Hawa ni vichanga wa siku ya pili," akasema. "Mzima anatakiwa awe na mgongo ulionyooka na tumbo la mviringo, kama herufi D. Magamba mawili, yanafunga barabara. Sasa tazama hawa."

Ramphai akainamia hadubini. Wengine walikuwa wamekunjamana. Wengine walivimba upande mmoja, nyama imetokeza nje ya gamba lisilofunga. Wachache bado walizunguka, wanazunguka palepale.

"Masikini," akasema.

"Maabara ya mkoa imekuta shaba na zinki. Si nyingi. Chaza mkubwa ukimweka kwenye maji haya hashtuki, ataivuta shaba mwilini na kuendelea kunenepa. Ila kichanga, siku ile ya kwanza anapojenga gamba, kidogo tu kinamharibu. Gamba halijengeki. Na bila gamba hakuna chaza."

"Mtu mzima anamaliza chupa, mtoto tone moja linamlaza."

"Ndiyo hivyo, afande."

"Maji yaliyopimwa yalitoka wapi?"

"Kwenye beseni la vichanga."

"Ya baharini je?"

Orathai akasukuma miwani. "Hayakupimwa."

"Ya mfereji, chini ya karakana?"

"Nayo hayakupimwa. Shangazi alisema hakuna haja, kila mtu anajua ni Sanit."

"Kila mtu," Ramphai akasema, "ndiye shahidi ninayemwogopa kuliko wote."

Wakafuata njia ya maji kutoka mwanzo. Pampu iliyavuta baharini na kuyaleta kwenye bwawa, mchanga utulie. Kutoka bwawani yakapita kwenye chujio. Kutoka kwenye chujio pampu ndogo ikayapandisha kwenye tangi la juu, lililosimama kwenye jukwaa la zege nyuma ya banda, yakalala humo usiku mmoja. Asubuhi ndipo yalipofunguliwa yashuke kwa vichanga. Wale chaza wakubwa walipewa maji ya bwawani moja kwa moja.

"Mabomba ni ya nini?"

"Plastiki, yote!" Prayong, aliyekuwa anawafuata nyuma, alidakia. "Kwangu huingizi chuma, hata msumari. Mimi mwenyewe pete ya ndoa nimeivua, na ya huyu mzee nikamvua. Siku ya kwanza nilipoambiwa watoto hawapatani na chuma, nilitupa hadi vijiko."

"Alitupa kweli," akasema Thuam. Yalikuwa maneno yake ya kwanza asubuhi hiyo.

"Nyamaza, mzee, naongea na afande."

Ramphai akamgeukia Orathai. "Mayai yapo?"

"Wamebaki wazazi wachache. Ndio wa mwisho msimu huu."

"Nayataka mayai yao. Tutachukua maji kila mahali tulipopita, na ya mfereji pia, kila maji na chupa zake mbili. Tuweke mayai, tuone kesho."

"Mayai ya mwisho uyachezee?" Prayong akashika kiuno. "Mtuhumiwa unaye, maabara imesema shaba, karakana ni ya shaba. Unatafuta nini tena?"

"Mashahidi, shangazi. Hawa hawana shemeji wala jirani. Watasema walichokiona."

Prayong akaachia kiuno. Kisha akaenda mwenyewe kuwaleta wale wazazi, akiwabeba mmoja mmoja.

Inspekta aliteka maji kwa mkono wake. Ya mfereji aliyateka chini kabisa ya karakana ya Sanit, na Orathai akayasawazisha chumvi yalingane na mengine. Walipofika kwenye bomba la tangi la juu, Thuam alisogea karibu.

"Hayo ndiyo maji safi kuliko yote, afande," alisema, na uso wake ukachangamka kidogo. "Hayo hayana wasiwasi."

Mayai yakagawanywa, chupa zikafungwa kwa utepe wa polisi, na ufunguo wa chumba Ramphai akautia mfukoni.

Mchana alikuwa kituoni, mbele ya Sanit. Mikono ya mtuhumiwa ilikuwa na makovu ya tindikali, lakini hamu yake ya kula haikuwa na kovu lolote. Alikuwa anamalizia bakuli la pili la wali.

"Tuanze na bomba," Ramphai akasema. "Lile lililofichwa chini ya makuti, nyuma ya karakana."

"Bomba gani?"

"Sanit."

"Aa, lile. Lile ni la maji tu."

"Maji ya nini?"

"Ya kupoza."

"Kupoza nini? Kromu inapakwa kwa mvuke siku hizi?"

Sanit akatazama mlango, akatazama bakuli. "Afande, kwenu kuna mtu anayekunywa?"

"Baba yangu."

"Basi utanielewa. Nina mtambo mdogo pale nyuma. Mchele na hamira. Bomba linapoza mvuke, mvuke unageuka... unajua unageuka nini. Ndiyo siri yote."

"Na maji ya matangi ya shaba?"

"Yanaingia kwenye mapipa. Lori la taka za viwandani linabeba. Mpigie dereva, muulize."

"Walipokuja kukuvunjia, mbona hukuwaeleza?"

"Wangesikia neno bomba tu, basi. Na ningewaeleza vipi, mbele ya wake zao? Nusu yao ni wateja wangu." Akaweka kijiko chini, na sasa alikuwa hatanii. "Mama afande, nifunge kwa pombe, nitatoka. Usinifunge kwa chaza. Kwa chaza, hata nikitoka, sijatoka. Mwanangu atakuwa mtoto wa yule aliyeua ghuba."

Ramphai alimpigia dereva wa lori. Dereva alithibitisha, tena kwa malalamiko, kwamba mapipa ya Sanit ni mazito. Sajini aliyetumwa kunusa bomba alirudi akiwa mchangamfu kuliko alivyoondoka.

"Ni pombe, afande," akaripoti. "Nzuri."

"Hilo tutalirudia siku nyingine," Ramphai akasema. "Leo tuna chaza."

Asubuhi iliyofuata alifungua chumba kwa ufunguo wake, akakagua utepe, akasimama nyuma ya Orathai. Prayong alikuwa mlangoni, Thuam nyuma yake.

"Bahari," Orathai akasoma, jicho kwenye hadubini. "Wazima. Angalia migongo yao, afande, imenyooka kama rula." Akabadilisha kioo. "Mfereji... wazima. Wamedhoofu kidogo, lakini magamba yamefunga."

"Rudia," akasema Prayong.

"Mfereji wazima, shangazi. Bwawa, wazima. Chujio, wazima." Akaweka kioo kingine. Akachukua chupa ya pili, pacha wa ile, akatazama tena. "Tangi la juu. Njoo uone mwenyewe."

Ramphai hakuhitaji kutazama kwa muda mrefu. Walikuwa walewale waliokunjamana.

Basi sumu haikutoka baharini wala mferejini. Ilianzia pale pale uani, katikati ya chujio na beseni.

"Haiwezekani!" Prayong alikuwa amepauka. Kisha damu ikamrudia usoni kwa kasi. "Kuna mtu anaruka ukuta! Nilijua! Ni yule Chuea wa ng'ambo, tangu nimnyime mbegu ananinunia."

"Jana alikuwa Sanit."

"Jana sikuwa na ushahidi!"

"Leo unao?"

Prayong akamsogeza Orathai, akainamia hadubini mwenyewe.

"Niambie," Ramphai akamuuliza binti. "Msimu mzima huu hakuna kundi lililopona, hata dogo?"

"Moja, dogo. Umeme ulikatika siku ile ya tufani. Pampu ya kupandisha ilizima, tukateka kwa ndoo kwenye chujio na kuwamwagia."

"Na walipona."

"Wote. Tukasema ni bahati ya mvua."

"Hayakupita juu." Ramphai akatoka nje. "Ngazi iko wapi?"

Thuam akaja akichechemea, haraka kuliko goti lake lilivyotaka. "Inateleza, afande. Acha nipande mimi. Siku zote hupanda mimi, kuosha."

"Siku zote wewe peke yako?"

"Wengine wanaogopa urefu."

"Pumzika, mjomba."

Akapanda, akafunua kifuniko, akamulika tochi. Ukutani, chini kidogo ya maji, upande unaotazama mashariki, palikuwa na vipande vya mraba vya njano, vimebandikwa kwa utaratibu, safu juu ya safu, na mkono usio na haraka. Vingine vilikuwa vimeliwa katikati, umebaki ukingo wa kijani. Vipya viling'aa kama siku ya sikukuu.

Ramphai akabandua kimoja. Mama yake alikuwa muuza maua na ubani kwenye lango la hekalu, na yeye alikulia chini ya meza ile, kati ya vifurushi vya dhahabu ya kubandika, ile karatasi nyembamba ambayo waumini huibandika kwenye sanamu za hekalu. Dhahabu ya kweli ukiisugua kidoleni inayeyukia ngozini, huioni tena. Hii ilivunjika magamba magamba. Tena dhahabu, hata ukiilaza majini maisha yako yote, haioti kutu ya kijani. Inayoota kijani ni shaba.

Alishuka na kipande kwenye kibahasha. Prayong na Orathai walikuwa wamerudi kwenye chupa, wanabishana. Thuam alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya chujio.

"Mjomba, nionyeshe dole gumba."

Thuam akalitazama kwanza yeye mwenyewe. Akatabasamu kwa haya, kama bwana harusi aliyetajwa jina.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi thawabu imekwisha," akasema, kwa masikitiko ya kweli.

"Nieleze."

"Wazee wanasema, dhahabu ibandike mgongoni mwa sanamu. Usoni kila mtu anabandika, anasifiwa, imeisha hiyo. Mgongoni hakuna anayekuona." Akaonyesha juu kwa kidevu. "Nikajiuliza, mgongo wa hili banda uko wapi? Ni mle ndani. Maji ya watoto wote yanapita mle. Kila mwaka tukikausha tangi kuliosha, nabandika. Miaka yote, afande, na chaza wa mke wangu hawana mfano. Mwaka huu kundi la kwanza likafa. Nikasema nimekuwa bahili. Nikaongeza. Likafa la pili. Nikaongeza zaidi."

"Za mwaka huu ulinunua wapi?"

"Kibanda kipya, sokoni. Dhahabu ya siku zote imepanda, siiwezi. Na hizi ni kubwa, tena zinang'aa kushinda zile."

"Si dhahabu, mjomba. Ni shaba na zinki. Zimeyeyuka kidogo kidogo, kila usiku maji yalipolala mle."

Mzee akakikodolea macho kile kibahasha. Mdomo wake ulikuwa unahesabu kitu. "Kwa hiyo kila walipokufa..."

"Ndiyo."

"Nikawaongezea." Akafunika uso kwa mikono miwili. "Na Sanit mmemfunga. Sanit tulikuwa tunavua naye kaa. Nifunge mimi, afande. Nipeleke mimi huko mahakamani."

"Sheria haina kifungu cha mtu anayeombea chaza."

Hapo ndipo Ramphai alipogundua kwamba ubishi kwenye chupa umenyamaza. Prayong alikuwa amesimama upande wa pili wa chujio, na kwa uso wake, alikuwa amesimama pale tangu mwanzo. Inspekta alijiandaa kwa tufani.

"Miaka yote hiyo," Prayong akasema, "ulikuwa unapanda kule juu na hilo goti?"

"Ndiyo."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ingekuwa si..."

"Nyamaza." Akachuchumaa mbele ya ile ndoo, akashika ncha ya aproni yake, akamfuta mumewe machozi na ute wa pua kama anavyofutwa mtoto. Aliifanya kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ufanyeje ukikuta kinakupenda.

Mchana wafugaji walijaa uani kwa Sanit, katikati ya matangi waliyoyavunja wenyewe. Walikuwa wamesikia kwamba gari la polisi linakuja, ila hawakujua kama linamleta kumwacha au linampitisha kuaga. Mke wa Sanit alikaa juu ya masanduku yaliyofungwa, mwanawe magotini. Gari lilipofunguliwa, Sanit akateremka bila pingu, kelele zikaanza.

"Maji ya mfereji yamepimwa," Ramphai akasema kwa sauti ya kazini. "Vichanga wamelelewa ndani yake na wamepona. Karakana hii haikuua chaza wenu."

"Sasa aliyewaua nani?" mmoja akapaza sauti. "Tunataka jina!"

"Ndiyo, jina!"

Ramphai alikuwa nalo. Hakupata nafasi ya kulitaja wala kulificha, maana watu walikuwa wanampisha Prayong. Alikuwa amevaa nguo ya hekaluni, ameshika sinia la kuombea radhi, lenye maua, ubani na mishumaa. Alifika mbele ya Sanit, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka zaidi ya ishirini, akapiga magoti kwenye kokoto.

"Shangazi, inuka!" Sanit akaruka nyuma, amefadhaika. "Mimi ni mtoto kwako, utanitia laana!"

"Siinuki. Sumu ilikuwa kwangu, ndani ya tangi langu. Kuna kitu cha rahisi kilinunuliwa sokoni, kikaingizwa mle bila kuuliza, kikatoa shaba. Banda ni langu, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyepita kila boti nikisema Sanit, Sanit. Matangi yako nitayatengeneza. Naomba unisamehe."

Wale waliotaka jina walikuwa wamelipata, na sasa hawakujua walifanye nini. Mkewe Sanit alikuwa amesimama, mkono kinywani.

"Nimesamehe, shangazi."

"Sema kwa sauti, hawa wa nyuma hawasikii. Wao ndio waliokuja na nyundo."

"Nimesamehe!"

Nyuma ya umati, Thuam alikuwa anapenya, anachechemea, mkono ameuinua juu kama mwanafunzi darasani. "Jamani, ngojeni," alisema. "Si yeye. Yule aliyenunua ni..."

"Nyamaza, mzee!" Prayong akageuka akiwa bado magotini, na sauti yake ikafika hadi ng'ambo ya mfereji. "Nikiongea mimi, wewe unyamaze! Mara ngapi nikuambie?"

Watu wakaangua kicheko, maana ndivyo alivyomfokea mumewe maisha yote, na kicheko hicho kikaondoa kile kilichokuwa kimebaki cha ugomvi. Mmoja akaokota tangi lililopinduka, akalisimamisha. Mwingine akamfungulia mke wa Sanit sanduku. Ramphai akafunga kalamu yake bila kuandika jina la mtu.

Thuam peke yake hakucheka. Alipiga hatua za mwisho mpaka mbele, akamwinua mkewe kwa mikono miwili, akainama na goti lake bovu, akampangusa kokoto magotini, taratibu, watu wote wanatazama.